Ngoma Haifiki Kooni

Somoe mwanangu,

Wenye adabu huanza barua kwa kujulishana hali. Yangu sina haja ya kukujulisha. Umeipima mwenyewe asubuhi ya leo juu ya kikombe cha chai, bila kuombwa, na hukumu ukatoa. Yako naijua: umenuna. Basi ujue na mimi nimenuna, na kwa kununa hujanifikia hata robo, muulize mama yako.

Umekwenda kwa shangazi yako kumwambia kwamba safari ya kesho imekufa. Mimi nimebaki hapa uani na kalamu. Mama yako anakuna nazi na kila mara ananitupia jicho, maana tangu nimwoe hajaniona nikiandika kitu kirefu kuliko jina langu. Nimemwambia atulie, mumewe ana klasi saba kichwani na zote bado nzima.

"Sita, Saidi," akasema. "Ya saba ulikaa mlangoni."

Unaona ninavyoishi.

Nataka uisome hii kabla gari halijaja. Kwa mdomo sikuwezi. Una Kireno, una majina ya vichochoro vyote vya ubongo, na mimi nikiishiwa hoja napandisha sauti tu. Nikipandisha sauti unaniangalia mkono.

Ya sweta, ya baridi ya Ureno, ya chakula, ya swala na ya wanaume, mama yako na shangazi zako wameyamaliza, na ya wanaume nasikia wameyarudia. Mimi nina jambo moja tu. Nina hasira, na nataka uijue ilikotoka kabla hujaiandika kwenye karatasi zako kuwa ni dalili.

Ulisema, "Baba, siendi. Hiyo nafasi ya masomo watampa mwingine. Nitaomba kazi Palma, nikae karibu na wewe." Ulisema kama mtu anayetoa zawadi. Nikatoka nje, ukadhani nimekwenda kulia. Nilikwenda kupiga ndoo teke. Imepasuka. Mama yako bado hajui ni nani, kwa hiyo akikuuliza, ni mbuzi.

Sasa nikueleze kwa nini ndoo ilipigwa.

Unamjua baba yako alikuwa nani hapa Kionga, lakini kwa kuwa hupendi kulisema nitalisema mimi. Nilikuzaa kabla ndevu hazijaamua ziote upande gani, na tayari wazee wenye mvi walikuwa wakituma watu kunibembeleza. Kutoka hapa mpaka mdomoni mwa Ruvuma, ngoma ya pepo bila mimi ilikuwa kelele. Fundi Amisi, yule aliyekuwa akifukiza ubani na kuongea na pepo, alisema mwenyewe mbele za watu: bila mikono ya Saidi hawapandi. Nikaamini. Wewe ungekuwa na miaka ishirini, ukaambiwa hata wasioonekana wanakutii, usingeamini? Ungeamini na ungenunua na kofia, kama mimi.

Bibi yako, ambaye nimekupa jina lake ili nipate wa kumwita mama baadaye, alianza na vidole. Gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia vilikuwa vinasuguana, kama anavuta tasbihi isiyokuwepo. Ulikuwa mtoto. Ulikuwa ukimwekea punje ya hindi katikati ya vile vidole uone inavyozunguka, naye anakuacha. Kisha akawa mzito. Uso ukakauka, majirani wakasema siku hizi mama Saidi ana maringo, hacheki na mtu. Kisha ukaja mlango. Akifika kizingitini, miguu inagoma. Kiwiliwili kinataka kutoka, miguu haina habari. Anasimama pale, mkono umeshika kitasa, anakutazama kama wewe ndiye uliyempigilia misumari.

Fundi Amisi akasema pepo amekaa kizingitini na anataka ngoma. Tukampigia.

Na hapa ndipo ninapotaka uwe na akili, dotora. Nilipotia mikono kwenye ngozi, bibi yako aliinuka mkekani akatembea. Hakucheza. Alitembea, wima, kama msichana aliyetumwa kisimani na ana mchumba njiani. Akavuka kizingiti kwenda, akavuka kurudi. Wanawake wakapiga vigelegele. Ngoma ikakoma, akaganda. Niambie, mtu wa hapa angewaza nini? Pepo akipata ngoma anatulia, akinyimwa anakasirika. Basi anataka zaidi. Tukampa zaidi. Akataka mbuzi, akapewa mbuzi. Akataka kitambaa chekundu, akafungwa kitambaa chekundu. Kila tulipopiga alitembea, na kila alipotembea tukazidi kuamini. Ushahidi ulikuwa ukipita mbele ya macho yetu kwa miguu miwili.

Wakati huo mjomba wangu alinitafutia nafasi Nampula ya kujifunza ufundi wa magari. Nikakataa. Nikasema mbele ya msikiti, baada ya Ijumaa, watu wote wanasikia: "Mama yangu anatembea kwa mikono hii. Niende wapi?" Watu wakanyamaza. Mwanangu, ule ukimya ni mtamu kuliko asali ya nyuki wadogo. Niliula miaka mingi. Nilikuwa nikipita njiani nasikia wanasema, yule kijana ana moyo.

Siku moja homa ilimshika tukampeleka zahanati. Yule muuguzi akaona vidole vinavyozunguka, akaona uso usiocheka, akasema, "Huo ni uzee, mrudisheni nyumbani." Bibi yako alikuwa na mvi tatu, na zote nilimpa mimi. Nina hasira na yule mtu mpaka leo. Amesomeshwa, amevaa koti jeupe, ameuona mkono ule, akasema uzee. Fundi Amisi alikuwa mwongo wa kujidanganya mwenyewe, lakini kesho yake alirudi kumtazama.

Sasa la siku tuliyokimbia vita. Wewe ulikuwa Nampula, mwaka wako wa kwanza wa udaktari, na sehemu hii tulikuficha. Watu walikuwa tayari wanapita mbio kuelekea mtoni, mama yako amebeba mdogo wako, na bibi yako amesimama mlangoni. Miguu imegoma. Nikamvuta. Ukimvuta mtu wa namna ile anakuja mwili tu, miguu inabaki. Akaanguka kwa uso. Nikamtukana. Nilimtukana mama yangu, Somoe, neno ambalo sitaliandika hapa kwa kuwa mama yako atapitisha jicho. Kisha, sijui ni akili au ni mazoea, nikaanza kupiga fremu ya mlango kwa kiganja. Polepole, sawasawa. Akainuka. Akavuka. Nikampigia mgongoni kwa vidole njia nzima ya porini mpaka tukaona maji.

Hakukuwa na ubani siku ile. Hakukuwa na mbuzi wala kitambaa, na Fundi Amisi alikuwa mbele yetu sana, ana mbio kuliko nilivyodhani. Mtu mwenye akili ya kuku angeona: kumbe ni mdundo tu. Mimi nikaona kingine. Nikaona kwamba hata vitani pepo wananisikia.

Nilifika ng'ambo ya mto na kiburi kile kile, nimekibeba kama godoro. Kwenye kambi ya wakimbizi palikuwa na daktari, kijana mdogo. Akamtazama bibi yako, akamnyoosha mkono, akaukunja, akasema huu ugonjwa anaujua, hauponi lakini una vidonge vya kusaidia, atatuandikia twende hospitali kubwa. Nikacheka. Nikasema, "Daktari, tazama dawa." Nikapiga makofi. Bibi yako akatembea hema zima, akageuka, akarudi. Watu wa foleni wakashangilia. Nikamwambia, "Umeona? Dawa ni mimi." Yule kijana akanitazama kidogo, akamwita wa nyuma yetu.

Yeye pia nina hasira naye. Angenishika shati. Angenitukana. Foleni ilikuwa ndefu, najua, mama yako huniambia hivyo kila nikilitaja. Lakini mjinga akiwa na ukweli mmoja mkononi, huwezi kumwacha aende nao.

Ulipopigiwa simu tulikuambia bibi amefariki kwa kifua. Kifua kilikuja baadaye. Kilichotangulia ni uji. Mama yako alikuwa anamlisha, uji ukaenda njia siyo. Macho yakamtoka. Na mimi, baba yako, fundi wa mikono, unajua nilifanya nini? Nilichukua ndoo ya maji nikapiga. Nikapiga kwa mikono miwili, kwa ufundi wangu wote, watu wakatoka mahemani wakadhani ni sherehe.

Mama yako akasema, "Saidi, acha kupiga. Mwinamishe."

Nikazidi kupiga.

"Saidi. Mwinamishe."

Ngoma haifiki kooni, mwanangu. Hilo nililijua siku ile na sikumwambia mtu. Alikohoa mwishoni, akapumua, siku zikapita na kifua kikajaa, tukamzika kwenye udongo wa watu.

Wewe ukaja kunipigia simu mwaka mwingine, sisi bado tuko kambini, umefika somo la ubongo. Ulikuwa unalia. "Baba, bibi hakuwa na pepo. Alikuwa na Parkinson." Ukanieleza kwamba ndani ya kichwa kuna mahali panapoipa miguu wakati wake, na kwamba kwake palikuwa panakufa kidogo kidogo, na kwamba mdundo wa nje unaipa miguu njia nyingine ya kupita. Ukasema, "Ulikuwa unampigia ngoma ya nje kwa kuwa ya ndani ilikuwa imenyamaza." Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Ni wewe uliyekuwa umenivua nguo katika maneno machache, na mbaya zaidi, kwa upole.

Nilikusamehe, kwa sababu ya kujisifu. Nilikuwa natembea kambini nikisema binti yangu anafungua vichwa. Lakini la mjini kwetu Pemba sijakusamehe, na kwa kuwa leo ni siku ya hasira, nalo litoke.

Nilikuwa nimerudi kutoka kambini, ukanialika ule usiku wa wenzako wa hospitali. Mkala kamba, mkacheka, ukasimulia ngoma ya bibi yako. Kwa Kireno. Ulidhani Kireno changu kinaishia kwenye bei ya samaki. Ulisimulia mbuzi, ulisimulia kitambaa chekundu, Fundi Amisi ulimwigiza mpaka na pua yake. Walicheka wakashika mbavu. Ulinicheka kwa Kireno, mwanangu, nami nimekaa karibu yako natafuna kamba uliyenichambulia wewe.

Kuchekwa nimezoea, nimemwoa mama yako. Kilichonichoma ni kwamba hadithi uliikata. Ulisimulia mbuzi, hukusimulia kwamba alitembea. Wale wenzako wameondoka wakijua sisi ni wajinga, na hawajui kwamba mjinga mmoja alikuwa ameona kitu cha kweli akakipa jina la uongo. Mimi nilishika miguu nikaacha akili. Wewe usiku ule ulishika akili ukaacha miguu. Huko uendako, ukimtaja bibi yako mbele ya maprofesa, mtaje mzima. Mbuzi na miguu. Ukishindwa, usimtaje.

Ndiyo, nimeandika uendako. Soma hivyo hivyo.

Kisha, tukiwa tunajenga upya Kionga, ukanifanya mkalimani wako. Utafiti wako wa kwanza wa ugonjwa wa bibi yako, na mimi nikiwa nawe, Kimakonde changu kizuri kuliko cha Wamakonde wengine. Nilikucheka sana. Mtu mzima mwenye wajukuu unampa kalamu unamwambia achore konokono. Unamwambia agonge kidole kwa kidole haraka haraka kama anaita kuku. Na unawapiga picha wakitembea, kama maharusi. Lakini nilikuwa nakuangalia ulivyokuwa ukiwauliza, taratibu, hukumwambia hata mmoja kwamba ni uzee. Nilikuwa najikaza nisijisifu. Sikufanikiwa.

Halafu kijiji cha Mbau. Yule mzee aliyekunja mikono akasema, "Huyu mtoto anataka nini na vidole vyangu?"

Nikamwambia kwa lugha yake, "Anataka kuona kama bado unaweza kuiba."

Akacheka. "Basi mwonyeshe wewe kwanza, mwizi mwenzangu."

Nikanyanyua mkono wa kushoto kwa madaha, nikaanza kugonga vidole. Mapigo ya kwanza makubwa. Yakawa madogo. Yakawa madogo zaidi, kisha vidole vikanatana kama vimepakwa utomvu wa fenesi. Yule mzee akasimama, akasema, "Dotora, mgonjwa wako huyu hapa, mimi narudi shambani." Watu wote wakacheka. Mimi nikacheka kuwazidi. Wewe hukucheka.

Uliona siku ile, ukanyamaza. Juzi ukanichukua damu kwenye kichupa, ukasema ni ya malaria. Na klasi zangu sita nilijua si ya malaria. Nilijua kabla ya Mbau, kabla yako. Ngoma ndiyo iliyoniambia. Mkono wa kushoto ulianza kuchelewa nyuma ya wa kulia kwenye harusi, vijana wakadhani nimebuni mtindo. Nikawaambia ndiyo, ni mtindo mpya, jifunzeni. Wamejifunza. Sasa Kionga nzima inapiga ugonjwa wangu na kuuchezea.

Basi leo asubuhi chai imemwagika, na wewe ukauliza, "Baba, huo mkono umeanza lini?" Nikasema mkono huu nimezaliwa nao. Mama yako akacheka, kisha akaacha kucheka, kisha ukasema huendi.

Unataka kukaa. Ukae ufanye nini? Unishikie kikombe? Ukikaa utakuwa mimi, Somoe. Utakuwa mtoto aliyekataa kwenda kwa sababu mzazi wake anatembea kwa mikono yake. Najua utamu wake, nimekuambia. Watakusifu hapa mpaka Palma. Watasema binti wa Saidi ana moyo. Na siku moja uji utaenda njia siyo, nawe utakuwa umesimama hapo na moyo wako.

Watoto wenye moyo Kionga wamejaa. Mimi nataka mmoja anayejua kwa nini. Kwa nini bibi yako, kwa nini mimi kabla hata sijazeeka vizuri, na kama njia hii inaendelea mpaka kwako. Umeshaliwaza hilo. Usinidanganye, nimekuona jioni ukijigonga vidole mwenyewe ukidhani nimelala. Umeniambia kwa kinywa chako kwamba vitabu mnavyosoma vimeandikwa kutoka kwa watu wa huko, na watu wa pwani hii hakuna aliyewauliza. Haya. Nafasi ya kwenda kujifunza kuuliza imekuja mlangoni, na wewe unaganda kizingitini kama bibi yako, na wewe miguu yako ni mizima. Nifanye nini, nikupigie ngoma?

Usiniahidi dawa. Sijasema uilete nikiwa hai, na ukirudi bila kitu nitakuchinjia kuku vile vile. Vidonge ulivyoniachia nitavinywa, mama yako amekwisha kunitisha. Ukinionea huruma ufanye hivyo ukiwa na kazi mkononi. Ukiwa na hasira, bora zaidi. Chukua yangu, ninayo ya kutosha wawili.

Limebaki la kesho.

Begi lako kubwa nitalibeba mimi mpaka barabarani. Usibishane, kubeba bado naweza. Lakini kuna jambo mama yako analijua na wewe hulijui. Wiki hii mara moja, nikitoka chumbani, mlango ulinisimamisha. Nilishika kitasa, nikatazama miguu, nikamkumbuka yeye. Muda ulipita kidogo, nikatoka, nikamwambia mama yako nilikuwa nasikiliza redio ya jirani, na hakuniamini.

Kesho ikitokea mbele yako, usinishike mkono. Ukinivuta nitaanguka kama nilivyomwangusha yeye. Simama mbele yangu unipigie makofi. Polepole, sawasawa, bila zile haraka zenu za vijana. Nitavuka. Nitakufikisha penye gari. Ukishapanda, nipigie kidogo tena kwenye dirisha, maana kwenda mbele siyo shida sana, kugeuka ndiko kunakoanza kunishinda. Nikishageuka nikaanza kurudi, acha kupiga, mwambie dereva aondoke.

Mama yako atapokea. Mapigo yake ni mabaya, kama mtu anayefukuza nzi, lakini nitatembea.

Ni mimi baba yako,
Saidi, mwenye klasi saba.